Magego ya mwisho yamelala ndani ya taya: ganzi, dawa ya kutuliza au nusukaputi?

MamaSection58 (Nakuru)

Hamjambo nyote. Mwanangu ana umri wa miaka 21 na anasoma chuoni huko Njoro. Tangu mwanzo wa mwaka amekuwa akivimba fizi nyuma ya taya la chini, mara upande wa kushoto, mara wa kulia, na juzi alipigwa picha ya OPG, yaani eksirei ya taya zima, iliyoonyesha kwamba magego yake mawili ya mwisho hayakusimama. Yamelala, vichwa vimesukuma magego yaliyo mbele yake, na mizizi ya lile la kulia imekaribia sana mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini. Daktari wa meno aliyemwona hapa mjini hakutaka kuyang'oa mwenyewe, akatuandikia barua twende kwa mpasuaji wa kinywa na taya, jambo ambalo kwa kweli nililishukuru.

Mpasuaji huyo ametupa njia tatu: ganzi ya sindano peke yake, ganzi pamoja na dawa ya kumtuliza inayopitia mkononi, au nusukaputi hospitalini. Alieleza vizuri, lakini foleni ilikuwa ndefu na mimi nilitoka nikiwa nimeshika nusu tu ya maneno. Shemeji yangu anayeishi Marekani anasema kwamba kule watu hulazwa usingizi papo hapo kwenye kiti cha kliniki, wakaamka magego yametoka, na anashangaa kwa nini sisi tunazungumzia thieta. Kijana mwenyewe anataka alale asisikie lolote. Mimi naiogopa nusukaputi.

Naomba mnisaidie kwa mawili: nitajuaje kwamba mpasuaji amesomea kazi hii, na njia hizi tatu zinatofautianaje kwa mtu mwenye afya nzuri kama yeye?

MzeeWaMamboleo (Kisumu)

Mama, pole kwa wasiwasi. Nilikuwa mtoaji wa dawa ya usingizi katika hospitali za umma za Nyanza hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitauanza upande ninaoujua, na habari ya masomo ya wapasuaji nitawaachia madaktari wa meno waliomo humu.

Watu hutuuliza ni dawa ipi iliyo kali zaidi. Mimi ningependa uulize kwanza ni nani atakayeiangalia pumzi ya kijana wakati mikono ya mpasuaji imo kinywani mwake. Katika upasuaji wa tumbo au wa mguu, mpasuaji yuko kule na mimi niko kichwani, kila mtu na uwanja wake. Katika upasuaji wa kinywa tunagombea mlango mmoja: yeye anautaka afanye kazi, nami nautaka ili hewa ipite, na humo humo kuna damu, mate na maji ya kupoza mashine ya kukatia mfupa. Ukiishika hoja hiyo, tofauti ya njia zako tatu itakuwa wazi.

Katika njia ya kwanza, anayelinda pumzi ni kijana mwenyewe. Yuko macho, anameza, anakohoa, akisikia maji kooni anainua mkono. Ndiyo maana ganzi peke yake ina usalama mkubwa kuliko nyingine zote, na ndiyo maana mimi, kama jino ni la kung'olewa kwa kazi ya kadiri, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi.

Dawa ya ganzi inayotumika zaidi ni lignokeini, iliyotengenezwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943. Huja katika vichupa vidogo vya kioo vya mililita 1.8, kwa kawaida ya asilimia 2, ikiwa imechanganywa na adrenalini kidogo sana. Adrenalini hubana mishipa midogo ya damu mahali palipodungwa, hivyo dawa haichukuliwi haraka na damu, ganzi inadumu, na kidonda hakitoki damu nyingi. Kijana anaweza kuhisi moyo ukimwenda mbio kwa dakika moja au mbili baada ya sindano. Wengi hurudi nyumbani wakisema dawa ile inawakataa, kumbe ilikuwa adrenalini tu, au hofu yao wenyewe, ambayo nayo ni adrenalini.

Kiwango cha juu cha lignokeini yenye adrenalini ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili, bila kupita miligramu 500. Kijana wa kilo 60 anavumilia miligramu 420, na kila kichupa kina miligramu 36, yaani vichupa kumi na kimoja. Kwa gego moja la chini mpasuaji huhitaji viwili au vitatu. Nakupa hesabu hii ili usishtuke akiongezewa sindano ya pili.

DaktariWaMagego (Kakamega)

Nakubaliana na Mzee, na ninaongeza jambo ambalo wagonjwa hawaelezwi mapema. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi kusukumwa. Kijana atahisi taya likisukumwa, atasikia mlio wa mashine ndani ya kichwa chake, na gego likikatwa vipande viwili atasikia mpasuko mkubwa kama kijiti kikavu. Asipotayarishwa, atadhani ganzi imekwisha. Mimi humwambia mgonjwa kabla sijaanza: "Ukihisi nasukuma, vumilia, ukihisi ukali, inua mkono wa kushoto na nitaacha." Mkono ukiinuka, ninaacha kweli. Nusu ya woga huishia hapo.

Taya la juu na la chini hayadungwi kwa namna moja. Mfupa wa juu una vitundu, kwa hiyo dawa ikiwekwa karibu na jino hupenya yenyewe. Mfupa wa chini kwa mtu mzima ni mgumu, hasa kule nyuma, na hivyo inatubidi kuufuata mshipa wa fahamu mahali unapoingilia taya, ndani kabisa nyuma ya gego la mwisho. Mdomo wa chini wa upande ule unapokufa ganzi hadi katikati ya kidevu, hapo ndipo tunajua tumeupata. Kung'oa kusianze kabla ya hapo, na kijana ana haki ya kusema mdomo wake bado unahisi.

Na tafadhali asiende akiwa amevimba. Mahali penye usaha huwa na asidi, na dawa ya ganzi katika asidi haiwezi kupenya vizuri kwenye mshipa wa fahamu. Yule jirani anayekuambia kwamba "aling'olewa mzimamzima", yaani akisikia maumivu yote, mara nyingi aling'olewa siku ambayo uvimbe ulikuwa umepamba moto.

Sasa masomo. Hapa Kenya mpasuaji wa kinywa na taya huanza kama daktari wa meno wa kawaida. Shahada ya upasuaji wa meno ni ya miaka mitano. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuifundisha mwaka 1974, na baadaye Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kikaifuata. Mhitimu hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi ndipo apate usajili kamili. Hapo amekuwa kama mimi: anang'oa, anaziba, anatibu mizizi, na magego yaliyolala kidogo anayaweza. Anayetaka kuwa mpasuaji wa kinywa, taya na uso hurudi chuoni kwa shahada ya uzamili, miaka mingine ya kukaa wodini na thieta, akishika mifupa ya uso iliyovunjika, uvimbe wa taya, midomo ya watoto iliyopasuka tangu kuzaliwa, na majipu yanayoshuka shingoni.

Mama, usione kwamba hayo hayahusiani na gego la mwanao. Mtu aliyezoea kulifungua taya zima kwa sababu ya ameloblastoma, uvimbe ambao huku kwetu tunauona sana, anajua mshipa ule wa mdomo ulivyopita na hatababaika akiukuta. Mtoto akiletwa kutoka pwani ya ziwa na taya lililofura ndani ya wiki chache, meno yakilegea, mpasuaji aliyefundishwa vizuri hatang'oa meno hayo yaliyolegea. Atachukua kipande kidogo cha nyama kipimwe, kwa kuwa huenda ni saratani ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958 na ambayo ukanda wetu wa Ziwa Viktoria unaijua vizuri. Hiyo hutibiwa kwa dawa, wala si kwa kisu. Unapomchagua mpasuaji, unachonunua zaidi ni macho ya namna hiyo.

Kumthibitisha si kazi ngumu. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, ambalo hadi 2019 lilikuwa likiitwa Bodi, lina daftari la wazi mtandaoni. Utatafuta jina lake, utaona kama leseni ya mwaka huu ipo, na utaona kama ameandikwa kuwa mtaalamu na wa fani gani. Barua za heshima zilizoning'inizwa ukutani zipendeze macho tu. Daftari ndilo la kutegemea. Pia kuna maafisa wa afya ya kinywa ya jamii wanaofunzwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, ambao wanafanya kazi nzuri sana katika vituo vyetu vya vijijini na hung'oa meno yaliyo wazi. Gego lililozikwa ndani ya mfupa halimo katika kazi yao, na walio waaminifu watakuambia hivyo wenyewe.

BodaKondele (Kisumu)

Wazee wangu, shikamooni. Mimi nilivunjika taya mahali pawili kwa ajali ya pikipiki, nikapelekwa Russia, yaani JOOTRH, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu. Mama asiiogope nusukaputi kupita kiasi. Nilichokumbuka ni taa, sauti ya mtu akiniambia nivute pumzi, halafu nikaamka na koo linawasha na pua inauma. Hadi leo sijaelewa kwa nini pua iliuma wakati taya ndilo lililovunjika.

MzeeWaMamboleo (Kisumu)

Marahaba, kijana wangu. Pua iliuma kwa sababu mrija wa kupumulia ulipitia puani. Kwako ulikuwa wa lazima: mpasuaji alihitaji kuyaumanisha meno yako yakae kama yalivyokuwa kabla ya ajali kabla ya kuufunga mfupa, na meno hayaumani kama kuna mrija kati yake. Kwa magego ya mwisho pia tunapendelea pua, ili kinywa kibaki wazi kwa mpasuaji. Damu kidogo puani na koo kukwaruza siku moja au mbili ni kawaida.

Sasa nimalizie njia ya tatu, kisha nitarudi kwenye ya pili, ambayo ndiyo yenye mtego.

Katika nusukaputi kijana hawezi kuilinda pumzi yake, na kwa hiyo mtu mwingine anaishika yote. Mrija una puto dogo linalojazwa hewa ndani ya koromeo, hivyo damu haishuki mapafuni. Juu yake tunaweka kitambaa kirefu chenye unyevu kuzunguka koo ili kinyonye kinachoteremka. Kitambaa hicho ndicho kilichokuwa kikininyima raha katika kazi yangu yote. Kikisahauliwa, mgonjwa akatolewa mrija, kinamziba. Tulikuwa tukiacha mkia wake nje ya kinywa, tunaubandika shavuni kwa plasta, tunaandika ubaoni "kitambaa kooni" pamoja na saa kilipowekwa, na muuguzi hakubali hesabu imetimia mpaka akione mkononi mwa mtu. Mama, unaweza kabisa kumwuliza mtoaji wa usingizi: "Kama mtaweka kitambaa kooni, ni nani anayehakikisha kimetoka?" Akikujibu bila kusita, tulia.

Mashine nayo husema. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni hutoa mlio kwa kila pigo la moyo, na oksijeni ikishuka sauti ya mlio nayo inashuka, inakuwa nzito. Aliyezoea hahitaji kutazama kioo. Anaweza kuwa anafunga dripu na shingo yake ikageuka yenyewe. Ndiyo maana tunawakataza watu kuuzima mlio huo eti unasumbua. Pamoja nacho kuwe na kipimo cha hewa chafu inayotoka mapafuni, kwa sababu hicho huonyesha pumzi imekatika mapema zaidi, kabla damu haijaishiwa na oksijeni.

Anayetoa dawa anaweza kuwa daktari bingwa wa usingizi, afisa wa kliniki aliyesomea usingizi, au muuguzi aliyesomea usingizi, kama wale wanaofunzwa Kijabe. Wote wanasajiliwa. La msingi ni kwamba awe mtu mwingine, si mpasuaji, na asitoke chumbani mpaka kijana aamke.

Hata akiwa amelala, mpasuaji mwema bado atadunga ganzi, ili kijana asiamke na maumivu yote kwa mpigo na ili damu ipungue. Usidhani umetozwa dawa mbili bure.

MamaSection58 (Nakuru)

Asanteni sana. Mzee, umeniambia njia ya pili ina mtego, na hiyo ndiyo mwanangu ameipenda kwa sababu inafanana na anayosimulia shemeji. Naomba unifafanulie. Tena shemeji ametuandikia leo kwamba mpasuaji wake huko Ohio alimtoa magego manne akiwa amelala kitini, na aliyemlaza ni mpasuaji yuleyule.

DaktariWaMagego (Kakamega)

Shemeji yako hasemi uongo, ila hali ya kule ina misingi yake. Marekani, mpasuaji wa kinywa na taya hukaa hospitalini angalau miaka minne ya mafunzo baada ya shahada ya meno, wengine sita wakiongeza shahada ya udaktari, na ndani ya muda huo lazima wakae miezi mitano katika idara ya usingizi wakifanya kazi kama wanafunzi wa fani hiyo. Kisha jimbo humpa kibali cha kutoa usingizi katika ofisi yake, ambako huwa na wasaidizi waliofunzwa kufuatilia mashine. Hata hivyo, wapo wataalamu wa usingizi huko huko wanaoupinga utaratibu wa mtu mmoja kupasua na kulaza, na ubishi huo haujaisha.

Uingereza, ambako wapasuaji wa fani hii husoma shahada zote mbili, ya meno na ya udaktari, walichukua njia nyingine. Nusukaputi kwa ajili ya meno iliondolewa kabisa kwenye kliniki za kawaida mwishoni mwa mwaka 2001, na tangu hapo hufanywa hospitalini tu. Nusukaputi ya kitini ilikuwa desturi ya miaka mingi kule, na vifo vya watu waliokuwa na afya njema, wakiwemo watoto, ndivyo vilivyoikomesha.

Sisi tumerithi mengi ya Waingereza, na katika hili naona tulirithi lililo jema.

MwalimuButere (Butere)

Niruhusuni niongeze kidogo cha historia, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Dawa ya usingizi yenyewe ilizaliwa mikononi mwa madaktari wa meno. Horace Wells wa Hartford, Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe Desemba 1844 akiwa amevuta gesi ya naitrasi oksaidi, akaenda Boston kuionyesha mbele ya watu, mgonjwa akalia, wakamzomea. Aliyekuwa mshirika wake, William Morton, naye daktari wa meno, akafaulu kwa etha huko huko Boston tarehe 16 Oktoba 1846. Huku kwetu, babu zetu Wajaluo walikuwa waking'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini wakiwa vijana, bila gesi wala etha, na kulia ilikuwa aibu. Mimi ningelia.

MzeeWaMamboleo (Kisumu)

Mwalimu, mimi marehemu baba alikuwa na pengo hilo. Tuendelee.

Dawa ya kutuliza inayopitia mkononi, kwa kawaida midazolamu, ikitolewa kwa kipimo chake haimlazi mtu. Kijana atakuwa mlegevu, hajali, lakini ukimwita jina anafumbua macho na ukimwambia afungue kinywa anafungua. Baadaye hatakumbuka mengi, na hapo ndipo husimulia kwamba "nililala fofofo". Kutulizwa kwa kiwango hicho katika kliniki yenye vifaa ni jambo jema kwa mtu mwenye hofu, na sina pingamizi nalo.

Mtego uko hapa: hakuna ukuta kati ya kutulia na kulala. Dawa ileile, ikiongezwa kidogo kwa sababu mgonjwa anahangaika, au ikichanganywa na dawa kali ya maumivu ya jamii ya mofini, humvusha upande wa pili. Sasa ulimi unaanguka nyuma, pumzi inapungua, damu inateremka kooni, nyuzi za sauti zinajibana ghafla, na hakuna mrija. Mtu amekuwa ndani ya nusukaputi bila ulinzi wa nusukaputi. Katika hali hiyo mpasuaji aliye peke yake, macho yake yakiwa ndani ya shimo la gego, ndiye wa mwisho kujua.

Kwa hiyo wakikuambia watamtuliza, mwulize mpasuaji ni nani atakayekaa na kibanio cha kidole na kipimo cha presha asiwe na kazi nyingine. Kama kuna oksijeni na mashine ya kufyonza inayofanya kazi hata stima zikipotea, jambo ambalo sisi tunalijua. Na kama flumazenili imo chumbani. Flumazenili huiondoa nguvu ya midazolamu, lakini yenyewe huisha upesi kuliko midazolamu, hivyo aliyedungwa haruhusiwi kwenda nyumbani kwa sababu tu amefumbua macho. Usikubali ketamini itumike kumtuliza kliniki bila mtu wa usingizi. Ni dawa ninayoiheshimu, imetuokolea watu wengi mahali ambapo mashine hazipo, lakini huongeza mate, na mate mengi katika kinywa kinachopasuliwa ni kutafuta matatizo. Gesi ya Wells bado ipo pia, na mahali penye mashine yake ni nzuri kwa mwoga wa sindano: huvutwa kwa pua pamoja na oksijeni, na athari yake huisha dakika chache baada ya kuondolewa. Aliyeziba pua kwa mafua haimfai, na mama mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza vilevile.

Kama angekuwa wangu, magego mawili tu, mapafu na moyo mzima, ningeanza na ganzi, upande mmoja kwanza, mwingine baada ya wiki kadhaa. Lile la kulia lililokaribia mshipa likionekana litachukua muda mrefu wa kukata mfupa, na kijana hawezi kutulia, ningelipeleka thieta pamoja na mwenzake kwa siku moja, nikatafuta hospitali ya rufaa au nyingine yenye chumba cha uangalizi baada ya upasuaji. Hapo Nakuru hamtakosa.

DaktariWaMagego (Kakamega)

Namuunga mkono. Mama, kwa gego la kulia uliza pia kuhusu ganzi ya kudumu. Mshipa ule ukikwaruzwa, mdomo na kidevu vinaweza kubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na kwa wachache haiondoki. Hilo halihusiani na dawa iliyotumika. Linatokana na mahali mizizi ilipo. Wakati mwingine mpasuaji hukata kichwa cha gego tu na kuacha mizizi kwa makusudi, kwa hiyo akikuambia hivyo usidhani ameshindwa kazi.

MamaSection58 (Nakuru)

Nimeelewa sana. Nimezungumza na kijana, naye amekubali upande wa kushoto ufanywe kwa ganzi, kisha wa kulia tutaamua na mpasuaji. Ikifika ni thieta, je, ni kweli asile tangu jioni? Anakonda huyu, na ana vidonda vya tumbo.

MzeeWaMamboleo (Kisumu)

Chakula kiishe muda wa saa sita kabla ya dawa. Chai ya maziwa ni chakula, na uji pia ni chakula, hata uwe mwepesi namna gani. Wengi huahirishiwa kwa kikombe cha uji wa wimbi ambacho mama alikitoa kwa huruma. Maji matupu na strungi isiyo na maziwa anaweza kunywa hadi zibaki saa mbili kabla ya dawa. Kwa hivyo hana haja ya kukaa na kiu tangu jioni. Mwulize muuguzi wa wodi saa halisi ya zamu yake kijana. Dawa za vidonda vya tumbo azitaje zote kwa mtoaji wa usingizi, naye atamwambia ameze ipi asubuhi kwa funda la maji. Kama anatafuna miraa au muguka, au anakunywa pombe, aseme ukweli wewe ukiwa umetoka nje, maana mbele yako hatasema. Vitu hivyo huubadilisha mwendo wa moyo na kiasi cha dawa kitakachohitajika.

Kwa ganzi ya kliniki ni kinyume: ale kifungua kinywa vizuri kabla ya kwenda. Ganzi ya mdomo hubaki saa tatu hadi tano, asile chochote cha moto mpaka iishe, atajing'ata au kujiunguza bila kujua.

DadaWaUgunja (Siaya)

Samahani nikidandia uzi wa watu. Ndugu yangu ana selimundu (sickle cell), na gego lake limeoza. Tumeambiwa hospitali moja kwamba mtu wa selimundu haruhusiwi kulazwa usingizi kabisa. Ni kweli?

MzeeWaMamboleo (Kisumu)

Si kweli, dada yangu, ila anahitaji matayarisho ambayo wengine hawayahitaji. Chembe zake za damu hujikunja oksijeni ikipungua, mwili ukikauka maji au ukipata baridi, na mambo hayo matatu yote hutokea kwa urahisi thieta. Kwa gego lililo wazi, ganzi ya kawaida ndiyo njia yake ya kwanza, na hana sababu ya kuinyimwa. Kama itabidi alazwe, isiwe kliniki ya jengo la ghorofani mjini. Aende hospitali kubwa yenye damu ya kuongezewa, alazwe siku moja kabla, awekewe dripu kipindi chote ambacho hali wala kunywa, afunikwe blanketi, oksijeni iendelee hata baada ya kuamka. Na gego lililooza lisingojewe, kwa sababu uambukizo wenyewe unaweza kumletea maumivu ya mifupa.

Kabla ya tarehe kupangwa, nenda kliniki yake ya selimundu ukaombe barua yenye kiwango chake cha kawaida cha damu, mara ya mwisho alipoongezewa, na dawa anazomeza. Chukua nakala mbili, moja ya mpasuaji na moja ya mtoaji wa usingizi, kwa sababu faili huwa linabaki kwa mmoja wao.